Kabla ya Lipu

"Bosi, waya wa dishi nivute upi?"

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, Kigamboni, nyumba imefika ile hatua ambayo kuta ziko tupu na mfuko umeanza kukohoa. Fundi umeme alikuwa ametindua ukuta wa sebule kutoka kwenye lenta hadi usawa wa goti, nyusi zake zimejaa vumbi la tofali. Mimi nilikuwa kibarazani, simu sikioni, nabishana na muuza vigae juu ya rangi ambayo yeye aliiita krimu na mimi niliiona kama maziwa yaliyolala. Nikamjibu fundi bila hata kugeuza shingo: "Wowote tu."

Vigae vile nilivizungukia Kariakoo wiki mbili. Nilivigonga kwa kidole, nikavimwagia maji, nikavilalia njia nzima kwenye pikapiki ya kukodi visije vikavunjika. Waya ulipata maneno mawili.

Fundi hakunidanganya. Alileta kilicholingana na jibu langu: waya mweupe, mwembamba, uliokatwa kwa mita kutoka kwenye roli dukani. Njia ya kutoka kwenye ungo juu ya bati, kupita darini, mpaka nyuma ya televisheni ilikuwa kama mita 40. Waya ukaishia juu ya korido, akaunga kipande kingine, akazungushia tepu nyeusi, akaendelea. Ukutani aliulaza ndani ya ule mfereji aliotindua, bila paipu, akaubana kwa misumari miwili, na jioni ile ile lipu ikapigwa juu yake. Kufika Jumatatu hakuna mtu aliyeweza kunyoosha kidole na kusema umepita hapa.

Mwaka wa kwanza tulikula raha. Masika ya pili, chaneli zikaanza kuchagua. Taarifa ya habari ipo, mpira haupo. Tamthilia ipo, katuni za watoto hazipo. Mvua ikikata picha hukata zote, kila mwenye ungo analijua hilo; huu ulikuwa ugonjwa mwingine, wa kuchukua hiki na kuacha kile, tena hata siku ya jua kali. Fundi dishi wa kwanza akapanda juu ya bati na kuusukuma ungo huku na huku, mimi nikiwa dirishani napiga kelele "Hapo! Hapana, rudi!" mpaka majirani wakatoka. Wa pili akabadilisha LNB, kile kidude kinachokaa mbele ya ungo kama pua. Wa tatu akasema king'amuzi kimechoka. Kila mmoja alilipwa, na kila mmoja aliondoka picha ikiwa imerudi kwa siku tatu.

Wa nne alikuwa mzee, fundi redio wa zamani, ambaye hakutaka hata ngazi. Aliomba kiti. Akafungua waya nyuma ya king'amuzi, akatoa mfukoni sumaku iliyotoka kwenye spika kuukuu, akaisogeza kwenye uzi ule mgumu wa katikati. Ikanata.

"Unaona, mwanangu? Kopa hainati. Hiki ni chuma kimevalishwa kanzu."

Kisha akanituma mimi juu ya bati na testa yake, king'amuzi kikiwa kimewashwa kwenye moja ya chaneli zilizokuwa zimepotea. Chini, penye king'amuzi, volti zilisoma 18. Juu, penye ungo, zilisoma 14 na ushee. Akacheka kidogo, yule mzee, kama daktari aliyeona kipimo kimekubaliana naye.

Kucheka kwake kuna sababu, na sababu hiyo wengi wetu tunaoishi na ving'amuzi miaka nenda rudi hatujawahi kuambiwa. Ule waya una kazi mbili. Unateremsha picha kutoka juu, na papo hapo unapandisha umeme kutoka chini, kwa sababu LNB haina betri. Inalishwa na king'amuzi kupitia waya uleule. Na umeme huo ndio lugha wanayosemezana. King'amuzi kikipeleka volti 13, LNB inaelewa kwamba inatakiwa kupokea mawimbi yaliyosimama wima. Kikipeleka 18, inapokea yaliyolala. Satelaiti hurusha chaneli nyingine kwa wima na nyingine kwa ulalo ili zisigongane. Sasa 18 ikichoka njiani ikafika 14, LNB inasikia 13. King'amuzi kinaomba mpira, juu kinasikika kinaomba taarifa ya habari. Ungo hauna kosa, LNB haina kosa, king'amuzi hakina kosa. Ni ujumbe uliofika nusu.

Na kwa nini ulichoka? Chuma hupitisha umeme vibaya. Uzi wa chuma uliopakwa kopa huzuia umeme huo wa kulishia LNB karibu mara tano zaidi ya uzi wa kopa tupu wa unene uleule. Ongeza wembamba wa waya wangu, ongeza mita 40, ongeza ile tepu nyeusi darini ambayo chini yake hewa ya chumvi ya Kigamboni ilikuwa imeshakula kiungo mpaka kikawa na unga mweupe. Mwaka wa kwanza volti zilikuwa zinafika kwa kujikokota. Kiungo kilipooza, zikaangukia upande wa pili wa mstari unaotenganisha 18 na 13.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya mafundi watanipinga: chuma kile chenye kanzu si utapeli. Mawimbi ya picha yanayoteremka kutoka kwenye LNB yako kati ya megahezi 950 na 2,150, na kwa kasi hiyo ya mtetemo umeme hauzami ndani ya uzi, hutambaa juu juu tu. Kwenye kopa, ukifika gigahezi moja, kina chake ni kama mikroni mbili, yaani sehemu mbili za elfu moja za milimita. Picha inapita kwenye ngozi, chakula cha LNB kinapita kwenye nyama. Ngozi ikiwa ya kopa, picha haijali nyama ni ya nini. Kwa hiyo mwenye nyumba ya vyumba viwili, ungo ukutani nyuma ya sebule, waya mita 10 au 15, akinunua wa chuma kilichopakwa kopa hajakosea kitu, na fundi anayemtisha ili amuuzie wa bei kubwa anamwonea. Mimi nilikuwa na mita 40. Kuanzia mita 30 hivi, au penye ungo mmoja unaolisha vifaa kadhaa, kopa tupu inaanza kustahili bei yake.

Kinachostahili kuogopwa zaidi ni wembamba. Waya unaofaa kwa ungo unaitwa RG-6, na uzi wake wa kati una unene wa kama milimita moja. Kuna kaka yake mdogo, RG-59, aliyezoeleka kwenye kamera za ulinzi za aina ya zamani, mwembamba zaidi, na ambaye madukani huuzwa kwa jina lilelile la "waya wa dishi." Hata RG-6 nzuri, kwenye mawimbi ya juu kabisa, hupoteza karibu nusu ya nguvu ya picha kila mita 10. Inasikika kama balaa, lakini LNB hukuza mawimbi mara laki moja na zaidi kabla ya kuyateremsha, kwa hiyo kuna akiba ya kupoteza. RG-59 inaila akiba hiyo haraka, na mvua ikija inakukuta huna kitu mfukoni.

Ukifika dukani, usisome maandishi pekee. Omba kipande cha shibiri moja, mwenye duka mwenye nia njema hatakunyima. Kimenye. Chini ya ganda kuna nyavu za nyuzi na karatasi ya alumini, hiyo ndiyo ngao inayozuia mawimbi ya simu na redio ya jirani kuingia. Nyavu zikiwa nyuzi kumi na tano zilizotawanyika kama nywele za mtoto mchanga, rudisha. Zikiwa nene kiasi cha kuficha kilichoko chini, endelea. Kisha tazama ganda: jeusi kwa juu ya nyumba, kwa kuwa rangi hiyo ndiyo inayostahimili jua, jeupe liishie ndani. Waya mweupe juu ya bati la Dar es Salaam, baada ya miaka michache, hupasuka kama udongo wa mbugani, maji yakaingia na kuteremka ndani kwa ndani mpaka kwenye king'amuzi. Nimeona tone likitoka kwenye tundu la nyuma ya televisheni, msimu wa mvua, kwa macho yangu.

Mambo ya ungo yana utamu wake. Ukitembea mitaani Dar es Salaam unaweza kujua nyumba ina king'amuzi gani bila kubisha hodi. Ungo wa DStv umeinua uso juu kwelikweli, kwa sababu satelaiti yake imekaa nyuzi 36 Mashariki na sisi tuko kama nyuzi 39. Iko karibu na utosi wetu. Wa Azam umegeukia magharibi, unafuata nyuzi 7 Mashariki. Na nyumba nyingi siku hizi zina zote mbili, zimepeana mgongo juu ya bati kama mke na mume waliogombana. Waya zao lakini hupitishwa kana kwamba nyumba itakuwa na televisheni moja hadi kiama.

Jirani yangu alikuwa na ungo mmoja na ving'amuzi viwili, sebuleni na chumbani kwa binti yake. Fundi aliugawa waya kwa kile kigawanyio kidogo kinachotumika kwenye antena za kawaida. Kila jioni baba akikaa kuangalia taarifa ya habari, picha inatoweka, inarudi, inatoweka. Mama mwenye nyumba alishasema nyumba isomewe dua. Chanzo kilikuwa binti. Alipobadilisha chaneli kwenda ya ulalo, king'amuzi chake kilipeleka 18. Cha baba kilikuwa kinapeleka 13. Kwenye waya mmoja volti kubwa hushinda, LNB ikamtii binti. Dawa yake ni LNB yenye midomo miwili au minne, na kila king'amuzi kiwe na waya wake mwenyewe kutoka juu. Kipo pia kizazi kipya cha LNB ambacho waya mmoja hulisha vifaa kadhaa vinavyoelewana lugha hiyo, lakini si kila king'amuzi kinaijua. Waya wa pili, jirani yangu angeuweka wakati wa kujenga kwa bei ya nauli na chai. Baada ya lipu aliambiwa ukuta utinduliwe upya.

Nikisimulia haya, vijana hunicheka. Baba mdogo, nani anavuta waya siku hizi? Kila kitu ni Wi-Fi.

Nawaelewa. Wi-Fi imetuzoesha vibaya. Lakini nyumba zetu ni za matofali ya simenti ya inchi sita, lipu pande zote mbili, nguzo na lenta zenye nondo, na wengine wanaweka kioo kikubwa cha kujitazamia katikati ya korido. Mawimbi ya gigahezi 5, yale yenye kasi, yakipita kuta mbili za hivyo yanafika chumbani yakihema. Hapo ndipo mtu hununua kirusha mawimbi cha pili, kisha cha tatu, na vyote vinagawana pumzi ileile. Wi-Fi hufanya kazi vizuri pale inapokuwa karibu na waya. Waya ufike korido ya vyumbani, Wi-Fi imalizie hatua tano zilizobaki.

Na waya huo wa intaneti ndio ambao wizi wake umefichwa vizuri zaidi, kwa sababu hapa sumaku haisaidii. Ndani yake mna nyuzi nane, jozi nne, kama doti nne za khanga, kila jozi imesokotwa kwa msokoto wake. Kwa waya wa maana nyuzi zote ni kopa. Kwa ule wa bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa kopa, na alumini hainati kwenye sumaku. Dawa yake ni kisu: kwangua uzi, ukiona fedha chini ya wekundu, umeshajua. Au kiberiti, uzi wa alumini ukishikiwa moto hunywea na kukatika, wa kopa hugeuka mweusi na kusimama. Kama hutaki kuchoma mali ya watu dukani, nyanyua boksi. Boksi zima huwa na mita 305, na kopa ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule. Aliyeshika moja ya kopa hasahau. Na kwenye ubavu wa boksi, kwa herufi za mchwa, mara nyingi utakuta CCA. Hizo herufi tatu ndizo zinazosema alumini, ila zimeandikwa kwa ajili ya anayezijua. Kwa maoni yangu zingelazimishwa kuandikwa kwa Kiswahili, ALUMINI, ukubwa wa jina la kampuni. Mfuko wa simenti unaandikwa daraja lake na mwashi analisoma. Sioni kwa nini waya usiandikwe.

Alumini ile ina madhara gani? Kwanza inazuia umeme karibu mara moja na nusu ya kopa, na siku hizi waya wa intaneti nao, kama wa ungo, hupandisha umeme: kamera ya ulinzi getini hulishwa kupitia waya uleule. Pili inavunjika. Mdogo wangu, aliyejenga Mbezi, aliunganishiwa faiba akalipia kifurushi cha zaidi ya megabiti 100. Sebuleni kipimo kilitoa kila alicholipia. Ofisini kwake ghorofani, kwa waya, kilisimama kwenye 94 na hakikusogea, asubuhi, usiku, Jumapili. Aliwapigia watoa huduma wiki nzima na maneno yake hayakuwa ya msikitini wala kanisani. Mimi niliposikia hiyo 94 nikamwomba bisibisi. Vifaa vikiongea kwa kasi ya gigabiti moja hutumia nyuzi zote nane. Uzi mmoja ukikosekana havigomi wala kulalamika, vinarudi kimya kimya kwenye mtindo wa zamani wa nyuzi nne, megabiti 100, ambazo zikitoa posho ya njiani hubaki kama 94. Nilipofungua soketi ya ukutani, uzi wa kahawia ulibaki mkononi mwangu kama mfupa wa dagaa. Alumini, imekunjwa mara mbili na fundi, imekatika. Watoa huduma hawakuwa na kosa lolote, na mdogo wangu hakuwaomba radhi.

Kuna upande wa pili wa ujinga, na huo ni wa wenye pesa. Nimeona nyumba ya chini yenye vyumba vinne imewekewa waya ulioandikwa Cat 8, mgumu kama fimbo ya mchungaji, na mwenye nyumba akautaja kwa majivuno kama anavyotaja gari. Cat 5e ya kopa inabeba gigabiti moja kwa mita 100. Cat 6 inabeba gigabiti 10 kwa kama mita 55, na nyumba gani ya kwetu ina ukuta ulioko mita 55 kutoka kwenye mlango? Cat 6 ya kopa inatosha kwako na kwa wajukuu. Chenji inayobaki nunua vichwa vizuri na mlipe fundi mwenye subira, yule anayeacha jozi zikiwa zimesokotwa hadi sentimita moja ya mwisho badala ya kuzifumua kama mtu anayefumua nywele.

Msokoto huo, kwa njia, ni wa Alexander Graham Bell, aliyeusajili mwaka 1881. Kelele ya nje ikiupiga uzi mmoja inaupiga na mwenzake kwa kiasi kilekile, na upande wa kupokea hutazama tofauti ya hao wawili tu, kelele ikafutika. Waya wa ungo, ule wa uzi mmoja ndani ya ngao, ulisajiliwa Uingereza na Oliver Heaviside mwaka 1880. Basi ukuta wa sebule yako una mawazo mawili yaliyopishana mwaka mmoja, yote yana umri mkubwa kuliko reli ya Tabora. Hata faiba si mtoto: Charles Kao alionyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitabeba mwanga masafa marefu, na alipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao kebo ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam.

Faiba yenyewe ni nyepesi kuieleza: uzi wa kioo wa mikroni 125, unene wa unywele, hauna kopa wala umeme ndani yake, kwa hiyo radi haina njia ya kupitia. Kwa wenzetu wa Kanda ya Ziwa, ambako radi si hadithi, hilo peke yake ni sababu ya kuipenda, na ni sababu ya kukumbuka kwamba waya wa ungo ni kinyume chake: ni njia ya kopa kutoka juu ya bati hadi sebuleni, na ngao yake inapaswa kufungwa kwenye waya wa ardhi kabla haijaingia ndani. Lakini mafundi wa faiba wakija, wanakuja na dakika arobaini. Hawatakutindulia ukuta. Wakikuta njia kutoka getini, wanapita. Wasipoikuta, waya unapita juu ya mwembe, unaingia dirishani kwenye kona ya wavu wa mbu, na kisanduku kinawekwa pale ulipoishia, nyuma ya kabati la vyombo.

Nimezungumza sana juu ya waya, na bado sijasema ninachokiamini. Yule mzee wa sumaku alipomaliza nilimuuliza ningepaswa kununua waya gani siku ile. Nilitegemea jina na namba. Akaniuliza yeye: "Paipu uliweka?" Nikasema hapana. "Basi hata ungenunua wa dhahabu."

Sisi hatujengi nyumba kwa mkopo wa miaka thelathini, tukakabidhiwa funguo. Tunajenga kwa awamu. Msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, bati likipatikana, tunahamia milango ya mbele ikiwa imewekwa na ya vyumbani ni mapazia. Tunajua kabisa kusubiri. Dirisha la alumini tunaliachia nafasi yake na kuziba kwa mabati. Ila kwenye waya, kwa sababu nisiyoielewa, tunafanya kama mtu anayeoa: mara moja, leo, na kwa lolote. Paipu ya plastiki ya milimita 25 haiulizi una pesa kiasi gani leo. Leo iache tupu. Mwakani pitisha waya mmoja. Ukiharibika uvute utoke, uingize mwingine, bila kugusa rangi. Faiba ikifika mtaani kwenu baada ya miaka mitano njia inaisubiri. Wala anayejenga kwa shida asiambiwe paipu ni anasa. Ndiye hasa inayemfaa, kwa kuwa ndiye asiyeweza kununua vyote siku moja.

Paipu hizo zina masharti machache. Zisichanganywe na za umeme wa volti 230, zipite njia yao, na zikilazimika kukutana zikatishane kama barabara, zisiongozane. Kona ziwe za mviringo, na kati ya kisanduku na kisanduku zisizidi mbili, la sivyo utavuta mpaka uvunje waya. Paipu mbili kutoka darini hadi kila penye televisheni, moja kutoka getini hadi ndani, na zote zikutane mahali pamoja, kwenye kabati la korido penye soketi ya umeme. Ramani nyingi za nyumba nilizozishika zinaonyesha sinki litakaa wapi na mlango utafungukia upande gani. Mstari wa paipu ya waya sijauona bado. Mchoraji ukimwambia auchore atauchora, ni dakika kumi za kalamu.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwetu, na nusu ya Afrika Mashariki ikakaa inatazama simu zisizofunguka. Ndani ya majuma machache meli ilikuwa imeshafika, imezinyanyua kutoka chini ya bahari na kuziunga. Waya wangu wa sebuleni, ulio sentimita mbili ndani ya ukuta, haukuwa na meli. Tulitindua kwa siku mbili. Vigae vile vya krimu viwili vilipasuka kwa kuangukiwa na nyundo, na duka lilikuwa halina tena rangi ile. Lipu mpya ilipokauka ikaacha mstari wima, wenye upana wa kiganja, ambao rangi mara tatu haijaufuta. Mke wangu ameutundikia kalenda.

Mwezi uliopita mdogo wangu alianza kujenga vyumba vya uani. Nilikwenda siku ya lipu. Kwenye kila ukuta palikuwa na mdomo wa paipu umetokeza juu na mwingine chini, mitupu, na ndani ya kila moja umepitishwa uzi wa nailoni wa kuvutia waya siku utakapopatikana. Ili uzi usizame ndani, fundi alikuwa ameufunga kila ncha kwenye kizibo cha soda. Nilihesabu vizibo kumi na viwili. Nikamuuliza waya atanunua lini.

"Kaka, waya bado," akasema. "Kwanza milango."